Gari la deraya likipinduka bodi inabaki nzima, watu ndani wanavunjika shingo. Tatizo liko wapi hasa?

#1 Mkoba wa Spana
Wakuu salaam. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu, wenye uelewa tusaidiane. Haya magari ya deraya yanaundwa kuzuia risasi na bomu la ardhini, chuma kinene, vioo vizito, mlango mmoja tu unaweza kuzidi kilo mia. Lakini ukifuatilia ajali zake utakuta askari wanakufa bila adui kufyatua hata risasi moja, gari limepinduka tu mazoezini. GAO, wakaguzi wa Bunge la Marekani, walitoa ripoti 2021: kuanzia 2010 mpaka 2019 jeshi lao la nchi kavu na Marines (askari wao wa majini) walipata ajali 3,753 zisizo za vita, wakafa watu 123, na asilimia 63 ya vifo hivyo vilihusisha gari kupinduka.

Sasa kinachonitatiza ni hiki. Gari lenyewe likishanyanyuliwa na winchi unakuta paa halina hata mkunjo. Ndani kuna mtu kavunjika shingo. Kavunjwa na nini kama chumba alichokaa hakijabonyea? Mi naamini wahandisi waliwaza bomu tu, mtu aliyeko ndani gari linapobiringika hawakumfikiria. Karibuni.

#2 Jicho Kavu
Natia nanga hapa. Wataalamu shukeni.

#3 Dereva wa Masafa
Jibu ni moja tu mkuu: mikanda. Hawafungi. Mi nimeshika usukani wa semi miaka mingi na niliwahi kufika kwenye ajali ambayo kichwa cha lori kimelala ubavu, dereva alikuwa ananing'inia kwenye mkanda anatuita kwa sauti tumtoe, mkono umechubuka basi. Utingo alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyuma bila mkanda, tulimkuta chini kwenye mlango wa abiria amejikunja na alikuwa hasikii miguu. Kebini ile ile, ajali ile ile. Chuma kiwe cha deraya au cha lori, kama hujafungwa wewe ni kokoto ndani ya debe.

#4 Sajini Mstaafu
Dereva wa Masafa uko sahihi ila hujaeleza kwanini hawafungi, na hapo ndo penyewe. Nimekaa kwenye magari ya deraya muda wa kutosha kuelewa.

Kwanza unavaa fulana ya kuzuia risasi yenye bamba mbele na nyuma, juu yake magazini, redio, boksi la huduma ya kwanza. Ukikaa kwenye kiti mkanda unakuja kifupi, ukiurefusha unakaa juu ya mifuko na sio juu ya mifupa ya mwili, alafu bakoli, yaani kile kifungio cha mkanda, imefichwa chini ya mzigo wote huo huioni kwa macho, unaitafuta kwa kupapasa. Askari anajiuliza gari likiwaka moto nitaifungua saa ngapi? Anaamua kutofunga. Kamanda akipita kukagua anauweka begani uonekane kama umefungwa. Nimeona hii mara nyingi sana na iliniuma kila mara maana ni vijana wadogo.

Pili kuna wale wanaosimama juu, kamanda wa gari na mshika bunduki wa kwenye tareti, ule mnara wa bunduki juu ya paa. Nusu ya mwili iko nje. Gari la tani 13 au 15 likilala, wao ndio wa kwanza kufa, haihitaji hesabu. Mei 2019 pale Camp Pendleton, kambi ya Marines, gari la deraya la matairi aina ya LAV-25 lilipinduka mazoezini, luteni kijana aliyekuwa juu kwenye tareti akafa hapo hapo. Ndo maana drili ni lazima iingie kwenye damu: anayeona kwanza gari linakwenda anapiga kelele "tunapinduka" mara tatu, wote wanarudia, na walio karibu na mshika bunduki wanamkamata miguu au kiuno wanamvuta chini na kumng'ang'ania. Kama hamjaifanya mpaka mkachoka nayo, siku ya siku kila mtu anajishika mwenyewe.

#5 Fizikia Hai
Mnaanza mwishoni wakuu. Swali la kwanza ni kwanini linapinduka kirahisi hivyo. Chukua upana kati ya tairi la kushoto na la kulia, gawa kwa mbili, kisha gawa kwa urefu wa kitovu cha uzito kutoka chini. Namba ikiwa ndogo, gari linapinduka kirahisi. Gari dogo la kawaida unapata kati ya 1.3 na 1.5. Gari refu la familia linacheza kati ya 1.0 na 1.3. Lori lililojaa mzigo linaweza kulala kona ikilisukuma kwa 0.4 tu ya nguvu ya mvutano.

Sasa njoo kwenye MRAP, magari ya deraya ya kukinga mabomu ya ardhini, yale ambayo Marekani walianza kuyanunua kwa maelfu mwaka 2007 kwa ajili ya Iraki. Tumbo lake ni umbo la V ili mlipuko upasukie pembeni. Ili V iingie ni lazima sakafu ipande juu, sakafu ikipanda watu wanapanda, watu wakipanda chuma cha kuwalinda nacho kinapanda, juu kabisa unaweka tareti na ngao zake na mashine. Umelijenga gari ambalo uzito wake wote unaishi ghorofani. Lilipopelekwa Afghanistan kwenye njia mbovu za milimani ikabidi 2009 watafute jingine, M-ATV, fupi zaidi na lenye suspensheni huru kila tairi. Kwa hiyo chanzo ni urefu.

#6 Mkoba wa Spana
Nashukuru sana Fizikia. Ila hapo umeeleza kwanini linapinduka. Mi nauliza kwanini mtu anaumia wakati chumba ni kizima. Hata aliyefunga mkanda anaumia, japo wachache.

#7 Nesi wa Zamu
Naomba nijibu hili nipo wodi ya mifupa na wagonjwa wa ajali za kupinduka nawahudumia mimi.

Gari likiwa juu chini halisimami angani, linashuka. Paa linagonga ardhi na kusimama ghafla. Wewe uliyeko ndani bado unashuka kwa mwendo ule ule, kichwa kinafika kwenye paa kinasimama, lakini kiwiliwili na miguu na fulana yako yenye bamba bado vinakuja nyuma yake. Kati ya kichwa kilichosimama na kiwiliwili kinachokuja kuna kitu kimoja tu, shingo. Pingili zinabanwa kwa kukandamizwa wima. Paa halihitaji kubonyea hata sentimita moja.

Hili lilifanyiwa majaribio na General Motors kwa Chevrolet Malibu, matokeo ya kwanza yalichapishwa 1985 na ya pili 1990. Magari mengine waliyaweka fremu ya vyuma ndani paa lisibonyee, mengine wakaacha paa la kiwandani, wakayabiringisha yakiwa na midoli ya vipimo. Awamu ya kwanza midoli haijafungwa mkanda, ya pili imefungwa. Wakasema nguvu iliyofika shingoni ilikuwa karibu sawa kwenye aina zote mbili, yaani mdoli anapiga mbizi kwenye paa kabla paa halijambonyea. Kwangu gari la deraya ndio ushahidi wa mwisho: hapo una paa lisilobonyea kabisa na bado tunapokea shingo.

Kwa hiyo mkuu kinachotakiwa ni nafasi kati ya helmeti na paa, na mkanda unaomshikilia mtu chini asipande. Mkanda wa begani na kiunoni tu, ukimgeuza mtu miguu juu unalegea na anashuka kuelekea paa. Wa pointi nne au tano uliokazwa unapunguza sana.

#8 Chuma na Moto
Nesi nakuheshimu lakini hayo majaribio ya Malibu usiyalete kama msahafu. Yamebishaniwa miaka na miaka mahakamani na kwenye makaratasi ya wahandisi. Kuna waliochukua data zile zile wakazichambua upya wakasema nguvu kubwa shingoni inakuja paa likiwa limeanza kuingia ndani, sio kabla. Na tukumbuke aliyelipia majaribio ni mtengeneza gari mwenye kesi za mapaa.

Alafu sio kila deraya ni MRAP. Kuna magari ya kiraia yanayovalishwa deraya baadaye, wanachukua gari la kawaida wanaongeza tani nzima ya chuma na vioo, nguzo za paa zilezile zilizoundwa kubeba gari jepesi. Sheria ya Marekani ya paa iliyoboreshwa 2009 inadai paa la gari dogo libebe mara 3 ya uzito wake, haya umeshaongeza uzito, hiyo mara 3 imebaki ngapi? Paa la hivyo linabonyea. Nimeshakata moja na grainda kumtoa mtu, chuma cha deraya kilikuwa kizima mlangoni ila nguzo ya mbele imelala mpaka kwenye usukani.

#9 Jicho Kavu
Nesi na Chuma naona mmeshakunja mikono ya mashati, tuendelee kujifunza. Sajini naye aletewe kiti.

#10 Mama Trekta
Salaam. Hili la paa na mkanda sisi wa matrekta tulishapitia. Sweden tangu 1959 walilazimisha trekta jipya liuzwe na fremu ya kulinda dereva likipinduka na vifo vilishuka vibaya sana. Lakini fremu bila mkanda ni mtego, maana trekta likilala dereva anarushwa nje ya fremu na fremu yenyewe ndio inamlalia. Kijana aliyekuwa ananilimia alikuwa anakalia mkanda, anasema unamkwaza kushuka na kupanda. Tairi la nyuma likaingia kwenye shimo la mchwa pembeni ya mteremko, trekta likalala taratibu kabisa, sio kwa kasi. Yupo hai ila nyonga haijarudi kama zamani. Kwa hiyo Nesi na Chuma wote mnaongea nusu, vinakwenda pamoja.

#11 Karani wa Takwimu
Mkoba wa Spana, namba zako za bandiko #1 ni sahihi ila zisomwe vizuri. Ile ripoti ya GAO ilihusu magari ya kijeshi kwa ujumla, Humvee (zile jipu pana za jeshi) na malori yamo, sio deraya peke yake. Na sababu walizozitaja kuwa za mara kwa mara ni dereva kutokuwa makini, usimamizi kulegea na mafunzo hafifu. Hakuna mahali walisema tatizo ni paa. Mnabishana shingo wakati mtu kaingia mtaroni kwa sababu hakufundishwa kuendesha usiku.

#12 Sajini Mstaafu
Karani hapo umenigusa. Kijana anapata leseni ya gari la tani 15 kwenye uwanja tambarare mchana kweupe, wiki inayofuata anaambiwa aendeshe usiku, taa zimezimwa, kavaa miwani ya usiku ambayo inampotezea kina, haoni kama pale mbele ni kivuli au ni korongo. Dirisha lenyewe dogo, kioo kinene, nguzo pana. Gari la mbele linatimua vumbi. Hajalala vizuri. Na kamanda aliyepaswa kumwambia "simama" naye anasinzia.

Alafu kingo za barabara. Njia zilizo kando ya mifereji kule Iraki na Afghanistan zilijengwa kwa ajili ya mikokoteni na gari ndogo. Tairi la kulia likikanyaga ukingo, udongo unakatika, gari linaanza kulala polepole na dereva anafanya kosa la asili la kukata usukani kuelekea juu kwa nguvu na kukanyaga mafuta. Hapo ndo analimalizia.

#13 Fizikia Hai
Sajini ahsante, hilo linakubaliana na namba. Wamarekani kwa magari ya kiraia wanasema asilimia 95 ya ajali za gari moja kupinduka ni za kukwazwa, yaani tairi limegonga ukingo, limezama kwenye udongo laini au limeingia mtaroni. Kupinduka kwa kona tu kwenye lami kavu ni nadra kwa gari dogo. Kwa gari refu na zito la deraya uwezekano wa kona kuliangusha ni mkubwa zaidi, lakini ukingo laini ndio mwuaji.

#14 Mwana Habari Picha
Kuna ile ya 2019 kifaru kilichotumbukia darajani Fort Stewart wakafa watatu. Hiyo nayo ni shingo?

#15 Karani wa Takwimu
Haikuwa kifaru mkuu, ilikuwa Bradley, gari la kubebea askari wa miguu lenye minyororo. Oktoba 2019, usiku, ilitoka kwenye daraja ikaanguka juu chini kwenye kijito. Watatu walikufa na watatu wakaumia. Hapo ukiongelea shingo peke yake hujamaliza, kuna maji.

#16 Mzamiaji
Maji ndio niliyokuwa nangoja mtu ayataje maana mnaongea kana kwamba gari likishatulia ajali imeisha. Hapo ndo imeanza.

Fikiria uko juu chini, giza, maji yanaingia, unaning'inia kwenye mkanda na uzito wako pamoja na fulana na risasi unaivuta bakoli isifunguke. Kushoto imekuwa kulia. Kitasa cha mlango ulichokizoea kwa mkono wa kushoto sasa kiko upande ambao ubongo unakataa. Mlango ni mzito na kama gari limelala ubavu ni lazima uusukume kwenda juu. Nje kukiwa na maji yamejaa hausogei kabisa. Na milango mingi ya deraya ina kufuli ya ndani ili adui asifungue, kwa hiyo mwokoaji aliye nje naye hawezi. Ndo sababu walikuja na ndoano za chuma za kufunga kwenye mlango na kuung'oa kwa gari jingine au winchi. Bila hiyo unaangalia wenzako kupitia kioo.

Vikosi vingine vinawapa wafanyakazi wa gari chupa ndogo za hewa za kuvuta dakika chache. Ni kitu kidogo lakini kinakupa muda wa kufikiri. Hakuna anayefikiri huku anakabwa.

#17 Kocha wa Drili
Mzamiaji amesema vizuri, niongezee upande wa mafunzo. Jeshi la Marekani lina mtambo unaitwa HEAT, ni bodi ya Humvee imefungwa kwenye mhimili inazungushwa na mota, na wa MRAP unaitwa MET. Askari wanafungwa humo na vifaa vyao vyote, wanageuzwa polepole mpaka juu chini, wanaambiwa tokeni. Nimeshakaa kwenye mtambo wa namna hiyo na naomba niwaeleze hatua moja tu kwa sababu ndiyo inaua watu.

Ukiwa unaning'inia, mwili wote unataka kufungua bakoli haraka. Ukiifungua bila kujiandaa unashuka na kichwa, umbali wa sentimita 20 au 30, na kilo zote za vifaa zinafuata, unavunja shingo yako mwenyewe kwenye gari ambalo limeshasimama. Inavyotakiwa: kidevu kifuani, magoti na nyayo zikaze kwenye dashibodi au kiti cha mbele, mkono mmoja usukume paa kwa nguvu mpaka kiwiko kinyooke, begani unahisi uzito umehamia mkononi, ndipo mkono wa pili ufungue bakoli. Unashuka kwa bega na sio kwa utosi. Askari wa mara ya kwanza wengi walikuwa wanafungua kwanza halafu wanashangaa. Mara ya tatu mkono unakwenda wenyewe.

#18 Dereva wa Masafa
Kocha hiyo nimeisave. Hata kwenye kebini ya lori inafaa.

#19 Mama Trekta
Sentimita 30 tu jamani zinavunja shingo? Sikuwahi kuwaza.

#20 Nesi wa Zamu
Mama, zinatosha kabisa kama kichwa kimenasa na uzito wote uko juu yake. Ndicho nilichokuwa nasema #7.

#21 Chuma na Moto
Na ndicho kinachonifanya niseme kinga ya ndani imesahaulika. Angalia paa la ndani la gari la deraya: boliti zimetokeza, vishikizo vya redio, bano za nyaya, kona za chuma tupu. Weka povu zito linalonyonya mgongano na ufunike kila ncha. Ni kazi ya mafundi, haihitaji kuunda gari jipya. Sentimita 3 za povu zuri zinaweza kubadilisha mshtuko kichwani.

#22 Nesi wa Zamu
Kichwani ndiyo, shingoni sina uhakika nawe. Povu laini sana linaweza kukishika kichwa kama mfuko, kisiteleze pembeni, na mwili ukaendelea kuja. Shingo inapona pale kichwa kinapopata njia ya kukwepa.

#23 Chuma na Moto
Ndo maana nimesema zito, sio godoro.

#24 Stoo Kipa
Wakuu mnasahau mzigo. Sanduku la risasi 100 za bunduki ya inchi nusu lina kilo kama 16. Weka manne sakafuni bila kufungwa. Ongeza mtungi wa kuzimia moto, jeki, minyororo ya kuvutia, makatoni ya maji ya kunywa, betri za akiba. Gari likizunguka mzunguko mmoja vitu hivyo vinatembea chumbani na watu wamefungwa mikanda hawawezi hata kukwepa. Mara nyingi jeraha linaandikwa "alipata ajali ya gari" kumbe kapigwa na jeki. Kila kitu kiwe na kamba yake ya kukazia au kiwe nje ya chumba. Nilikuwa nakataa gari kutoka geti kama sakafuni kuna kitu kinachosogea ukikipiga teke. Walinichukia, sawa tu.

#25 Sajini Mstaafu
Stoo Kipa kumbe ni wewe ulikuwa unatuchelewesha getini kila alfajiri! Mungu akubariki mzee.

#26 Fizikia Hai
Mkoba, narudi kwenye dai lako kwamba wahandisi walisahau. Kuna mgongano halisi wa kiufundi hapo na sio usahaulifu. Kiti cha kisasa cha deraya kinaning'inizwa ukutani au kwenye paa kisiguse sakafu, miguu inawekwa kwenye kikanyagio, ili bomu likipiga chini kiti kishuke kwa kujibana na kunyonya nguvu isiende kwenye uti wa mgongo. Kwenye vipimo vya NATO vya bomu la ardhini uti wa mgongo una kikomo, kipimo kinaitwa DRI kisizidi 17.7. Kila mtengenezaji anapigania namba hiyo kwa sababu bila hiyo hauzi gari. Lakini kiwango hicho, STANAG 4569, kinahusu risasi, vipande vya makombora na mabomu ya ardhini. Kupinduka hakumo. Kwa hiyo kiti kinapimwa kwa nguvu inayotoka chini kwenda juu, wakati gari likiwa juu chini nguvu inamjia mtu kutoka upande wa pili kabisa, na kiti kikikaa juu ili kipate nafasi ya kushuka bomu likipiga, ile nafasi ya kichwa anayoitaka Nesi imeshaliwa. Ukiongeza urefu wa paa ili uirudishe, umepandisha kitovu cha uzito na gari linapinduka kirahisi zaidi. Kila unachogusa kinasukuma kingine.

#27 Mkoba wa Spana
Aisee. Hii ya #26 ndiyo nilikuwa naitafuta. Na airbegi je?

#28 Fizikia Hai
Kituo cha utafiti wa magari cha jeshi la Marekani, zamani TARDEC, walishughulika nazo, za pazia pembeni na za juu. Shida ni kihisio: gari hili linarushwa na mlipuko, linaruka mashimo, linapanda ukuta wa udongo, vyote hivyo visiifungue. Na ikifunguka mapema moshi na kitambaa vinamziba askari asitoke au asipige.

#29 Mzee wa Ramani
Na kusema walisahau sio haki kihistoria. Buffel ya Afrika Kusini, iliyotoka miaka ya 1970 kwenye chesisi ya Unimog, askari 10 walikaa nyuma kwa safu mbili wamepeana migongo, kila mmoja na mkanda wa mabegani na kiunoni, kwa sababu walijua bomu litalirusha na litabiringika. Chumba chenyewe kilikuwa wazi juu, na gari lilikuwa refu na lilipinduka mno. Mkanda ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Swali ni nani aliufunga siku hiyo.

#30 Fundi Breki
Mimi naona kinga bora ni lisipinduke kabisa. Humvee mpya zilianza kutoka na ABS (breki zisizofunga tairi) na mfumo wa kudhibiti uthabiti mwaka 2018, na za zamani kuna seti ya kuzifungia. Magari ya kiraia yalishakuwa nayo kitambo. Dereva akikata usukani kwa pupa mfumo unaminya breki ya tairi moja moja na kulirudisha gari kwenye mstari.

#31 Sajini Mstaafu
Ukingo wa mfereji ukikatika mfumo unaminya breki ya nini?

#32 Fundi Breki
Haumsaidii aliyeshafika ukingoni mkuu, unamsaidia asifike. Wengi wanafika pale kwa kuteleza.

#33 Mzamiaji
Na wa majini? ACV za Marines, magari ya deraya yanayoogelea, zilipinduka kwenye mawimbi 2022 huko Camp Pendleton, mpaka wakasitisha kuzipitisha kwenye mawimbi. Desemba 2023 nyingine ikapinduka nchi kavu kambi hiyo hiyo, Marine mmoja akafa. Wimbi halina ABS.

#34 Mlinzi wa Boksi
Samahani wakuu nawaingilia, nimesoma uzi wote. Mimi sio askari, nafanya kazi kwenye gari la deraya la kusafirisha pesa. Nyuma tunakaa wawili kwenye benchi la pembeni, tunatazamana, mkanda hakuna, katikati kuna masanduku ya chuma yamewekwa tu sakafuni. Ofisi niliwahi kuwaambia wakasema gari liliuzwa hivyo hivyo. Juzi dereva alikwepa pikipiki kwa kasi, gari likanyanyua tairi za upande mmoja kisha likarudi, sanduku likanipita kwenye goti. Kwa hali yangu nianze na nini?

#35 Stoo Kipa
Sanduku kwanza. Leo hii. Tafuta mikanda ya kukazia mizigo yenye rachet, ifungwe kwenye pete zilizochomelewa sakafuni, sio kwenye miguu ya benchi maana benchi lenyewe linaweza kung'oka.

#36 Nesi wa Zamu
Mkanda. Na kwa benchi la pembeni mkanda wa kiunoni tu hautoshi, gari likifunga breki mwili unapinda kwa ubavu na shingo inakwenda nayo. Omba wa pointi nne. Ikishindikana kabisa wa kiuno ni afadhali kuliko hakuna, kwa kupinduka utakubakiza kwenye kiti.

#37 Chuma na Moto
Kabla ya mkanda aangalie benchi limefungwa na nini. Mkanda wa pointi nne kwenye benchi la boliti mbili za nambari 10 unakurusha wewe na benchi. Mlinzi, inama chini ya benchi upige picha tuone boliti ngapi na kama kuna bamba la kuimarisha upande wa chini wa sakafu.

#38 Fizikia Hai
Na umwambie dereva apunguze mwendo mkuu, hiyo ni bure. Nguvu ya kona inapanda kwa mraba wa mwendo, kutoka 60 kushuka 50 umeshaondoa karibu theluthi.

#39 Mlinzi wa Boksi
Nimeinama nimeangalia. Boliti ni nne, mbili mbele mbili nyuma, ya nyuma moja imelegea inazunguka kwa mkono. Bamba sijaliona. Picha naweka jioni nikitoka zamu.

#40 Chuma na Moto
Hiyo iliyolegea usiikaze tu, itoe uangalie kama tundu limepanuka. Limepanuka basi hapo panataka bamba na boliti kubwa zaidi. Tunasubiri picha.